Jino Lisiloijua Tupa

Bledi mbili za msumeno wa meza zinaning'inia kwenye ukuta mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi. Zote zina kipenyo cha inchi 10. Zote zina meno 40, na kila jino limebandikwa kipande kidogo cha madini ya kijivu. Zote zinaingia kwenye mashine ileile bila kubadilisha hata nati. Lakini moja inauzwa mara tano ya bei ya mwenzake, na ukienda kwa waagizaji wakubwa utaikuta nyingine ya mara kumi. Mwulize muuzaji sababu. Atakujibu kwa neno moja ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kununua chaja ya simu analijua: "Hiyo ni orijino."

Jibu hilo linamaliza mazungumzo, ila halielezi kitu. Bledi ya bei ya chini si feki. Inakata. Siku ya kwanza inaweza kupasua mbao ya msonobari vizuri kiasi kwamba fundi asione tofauti yoyote. Basi yule anayenunua ya bei ya juu analipia nini? Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo nimelijibu swali hili kwa njia ninayoijua: kuifuata kila sehemu ya bledi mpaka mahali ilikozaliwa. Nilichokikuta si hadithi ya ubora peke yake. Ni hadithi ya kunoa: nani anaweza kulirudishia jino makali yake, kwa zana gani, na kwa gharama ya nani.

Tuanze na duara lenyewe. Msumeno wa mkono unakata ukienda na kupumzika ukirudi. Nusu ya nguvu za seremala hupotea katika kurudi huko. Msumeno wa duara haurudi, unaenda tu. Wazo hili linaonekana jepesi leo, lakini lilichelewa kwa sababu duara la chuma linalozunguka kwa kasi linahitaji vitu viwili ambavyo karne nyingi hazikuwa navyo kwa pamoja: nguvu isiyochoka na bamba la chuma lililonyooka. Mwaka 1777 Mwingereza Samuel Miller wa Southampton alipata hataza ya mashine ya kupasulia mbao ambamo msumeno wa umbo la duara unatajwa. Wamarekani wengi wamefundishwa kwamba aliyeubuni ni Tabitha Babbitt, mwanamke wa jumuiya ya Washaker huko Massachusetts, aliyeona wanaume wawili wakivutana na msumeno mrefu na kukasirishwa na nguvu iliyopotea bure. Hadithi hiyo inasimuliwa kuwa ilitokea miaka ya 1810. Ni hadithi nzuri, ila tarehe zinaikataa, kwani hataza ya Miller ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 tayari.

Mahali ambapo msumeno wa duara ulionyesha uwezo wake mbele ya ulimwengu ni bandari ya Portsmouth. Jeshi la wanamaji la Uingereza, likipigana na Ufaransa ya Napoleon, lilikuwa na njaa ya kapi, yale magurudumu ya mbao ambayo kamba za tanga hupitia. Watu wa pwani yetu wanazijua kutoka kwenye majahazi. Meli moja kubwa ya vita ilihitaji kapi karibu 1,000. Kuanzia 1802, Marc Isambard Brunel, Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, akishirikiana na fundi Henry Maudslay na msimamizi Samuel Bentham, alijenga pale mfululizo wa mashine 45 zilizoendeshwa kwa mvuke. Kufikia 1808 karakana hiyo ilikuwa ikitoa kapi 130,000 kwa mwaka, na wafanyakazi 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyokuwa ikihitaji mafundi 110. Misumeno ya duara ilikuwa mwanzoni mwa mstari huo, ikikata magogo vipande vipande.

Vitabu vya historia hupenda kuhesabu wale mafundi 100 waliopungua. Mimi nawafikiria waliobaki bila kuhesabiwa: wanoaji. Jino la chuma likizunguka kutwa nzima ndani ya mti mgumu linakuwa butu haraka kuliko jino la msumeno wa mkono. Kadiri mashine ilivyoenda kasi, ndivyo ilivyozidi kumtegemea mtu aliyeketi na tupa, anayepitisha kila jino, kisha analipinda moja kushoto na jingine kulia ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bamba lake na bamba lisikwame. Mashine ilimwondoa mkataji ikamzidishia kazi mnoaji.

Bei ya juu na bei ya chini ziliingia hapa, kupitia chuma chenyewe. Miaka ya 1740, Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyehamia karibu na Sheffield, alichoshwa na chuma kisicho na uwiano katika springi zake. Akajifunza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo vilivyofungwa, katika joto kali sana, mpaka kikawa kitu kimoja kisicho na mabaka. Inasimuliwa kwamba watengeneza visu wa Sheffield walikikataa kwa kuwa kilikuwa kigumu mno kukifanyia kazi, naye akawauzia Wafaransa. Visu vya Kifaransa viliporudi Uingereza vikiwa bora kuliko vyao, ndipo watu wa Sheffield walipobadili msimamo. Kwa karibu miaka 100 iliyofuata, jina la Sheffield kwenye msumeno lilikuwa ndilo "orijino" la dunia.

Aliyeteseka na jina hilo ni Henry Disston. Alizaliwa Uingereza, akahamia Philadelphia akiwa kijana, na mwaka 1840 akaanzisha karakana yake ya misumeno. Wateja wa Marekani walikuwa wanaamini kwamba msumeno mzuri lazima utoke Uingereza. Mwaka 1855 Disston alianza kuyeyusha chuma chake mwenyewe, na katika miongo iliyofuata kiwanda chake kikawa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya misumeno duniani. Lakini nilipofuatilia misumeno ya zama zile, kilichonishangaza si ushindi wake. Ni kwamba viwanda hivyohivyo vya Marekani vilitoa pia misumeno ya daraja la pili. Mingi kati ya hiyo haikuwa na jina la mtengenezaji. Kwenye kitasa ilikuwa na medali iliyoandikwa maneno yanayomaanisha "ubora wa juu umehakikishwa". Anayeuhakikisha hakutajwa.

Kwa hiyo bledi mbili za ukutani zina babu mmoja. Tofauti ya bei haikuletwa na China wala na utandawazi. Ilikuwepo ndani ya kiwanda kimoja zaidi ya miaka 100 iliyopita, ikitenganishwa na jina lililogongwa kwenye kitasa. Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la misumeno, kibaya kilijifunza mapema kujitembeza kikiwa kimevaa maneno ya kizuri.

Hata hivyo, katika zama hizo mnunuzi wa msumeno wa daraja la pili hakuwa ameangamia. Chuma chake kilikuwa laini zaidi na kiliisha makali upesi, lakini tupa iliyonoa msumeno wa bei ya juu ilinoa na huu. Tofauti ya bei iligeuka kuwa tofauti ya jasho: ukilipa kidogo unanoa mara nyingi, ukilipa sana unanoa mara chache. Hali ilikuwa hiyo hata huku kwetu. Wapasua mbao wa nyanda za juu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, walibeba msumeno mmoja mrefu na tupa. Tupa ilikuwa sehemu ya msumeno. Mtu asiyejua kunoa hakuitwa mpasuaji.

Kilichovunja mkataba huo hakikutoka kwenye karakana ya mbao. Kilitoka kwenye balbu ya taa.

Waya mwembamba ndani ya balbu za zamani ulitengenezwa kwa tangsteni, madini yanayostahimili joto kuliko metali nyingine zote. Kuupata waya huo, tangsteni ilivutwa kupitia matundu madogo sana yaliyotobolewa ndani ya almasi. Almasi ilikuwa ghali, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoifungia Ujerumani njia za bahari, ikawa adimu. Watafiti wa kampuni ya balbu ya Osram mjini Berlin wakatafuta mbadala. Ilijulikana tangu miaka ya 1890, kupitia Mfaransa Henri Moissan, kwamba tangsteni ikiunganishwa na kaboni inatoa kitu kinachokaribia ugumu wa almasi. Tatizo ni kwamba kitu hicho, kabidi ya tangsteni, kilikuwa kinavunjika kama kigae. Mwaka 1923 Karl Schröter aliomba hataza ya suluhisho: saga kabidi iwe unga, ichanganye na unga wa metali laini kidogo kama kobalti, gandamiza mchanganyiko huo, kisha uchome kwa joto la nyuzi 1,400 hivi. Kobalti inayeyuka na kuzishika chembe za kabidi, kama saruji inavyoshika kokoto. Kabidi inatoa ugumu, kobalti inatoa uvumilivu.

Kampuni ya Krupp ya Essen ilinunua haki na kuanza kuuza mwaka 1926 kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayomaanisha "kama almasi". Kule Marekani, General Electric ikaanza kuuza kitu hichohicho kwa jina la Carboloy. Mwaka 1928 kampuni hizo mbili zilikubaliana kugawana soko na kulinda bei. Nyenzo iliyokuwa ikiuzwa takriban dola 50 kwa ratili ilipanda nchini Marekani hadi kufikia dola 453 kwa ratili. Kwa kuwa ratili moja ni gramu 453 na kitu, hiyo ni dola moja kwa kila gramu. Dhahabu wakati huo ilikuwa na bei rasmi ya dola 20.67 kwa aunsi, yaani karibu dola 300 kwa ratili. Unga uliochomwa na kobalti ulikuwa ghali kuliko dhahabu. Serikali ya Marekani ilifungua mashtaka mwaka 1940, vita vikaichelewesha kesi, na mwaka 1948 mahakama ya New York ikaitia hatiani General Electric pamoja na washirika wake kwa kuhodhi soko.

Kesi hiyo inapaswa kumkaa kichwani kila anayeamini kwamba bei ya juu ni cheti cha ubora. Jino la kabidi lilikuwa bora kweli; hakuna aliyebisha. Lakini sehemu kubwa ya bei yake haikuwa ndani ya jino. Ilikuwa kwenye karatasi ya makubaliano kati ya ofisi mbili.

Bei iliposhuka, kabidi ikapata njia ya kuingia kwenye useremala, na mbao zenyewe zikaisukuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilianza kutengeneza kwa biashara chipbodi, mbao za vipande na maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Gundi ile ikikauka hula jino la chuma cha kawaida kama msasa. Baada ya vita chipbodi ilienea duniani kote, na bledi ya chuma mtupu ikaanza kuonekana ya kizamani. Huku kwetu sababu ya pili ilikuwa msituni tayari. Mvule, mti unaopendwa kwa milango na makasha, huficha ndani yake vijiwe vya kalisi ambavyo fundi havioni mpaka msumeno ulie. Msaji una silika. Mpingo hauhitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyemwona mchongaji wa Kimakonde akiufanyia kazi. Miti kama hii inamaliza jino la chuma katika saa chache. Jino la kabidi linadumu mara nyingi zaidi.

Ila jino hilo haliijui tupa. Tupa ni chuma, na kabidi ni ngumu kuliko chuma. Ukilipitisha tupa, inayoliwa ni tupa. Kabidi hunolewa kwa gurudumu lenye chembe za almasi, kwenye mashine inayoshika pembe za kila jino kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita. Na vumbi lake si la kuchezea. Mwaka 1940 madaktari wa Ujerumani waliripoti ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa viwanda vya kabidi, na baadaye ikathibitika kwamba kobalti ndiyo mshukiwa mkuu. Kwa mara ya kwanza tangu msumeno ubuniwe, mtu anayeutumia kila siku hakuweza kuunoa kwa mikono yake. Kunoa kuliondoka kwenye benchi la seremala kukahamia kwenye chumba cha mtu mwingine chenye umeme, maji ya kupoza na mtaji.

Kabla ya kurudi kwenye bledi zetu mbili, tuliangalie tena lile jino la kijivu, kwa sababu limesafiri zaidi ya tunavyodhani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani leo inatoka Kongo, katika ukanda wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilianza kuzalisha kobalti huko Katanga katika miaka ya 1920, muongo uleule ambao Schröter alikuwa akichanganya unga wake Berlin. Wachimbaji waliokusanywa kutoka makabila na nchi mbalimbali walihitaji lugha moja ya kambini, na lugha iliyokua ikawa Kiswahili, kile ambacho leo tunakiita Kiswahili cha Lubumbashi. Mobutu alipobadilisha majina, jimbo lote likaitwa Shaba, neno letu kabisa. Mei 1978 waasi walipovuka kutoka Angola kupitia Zambia na kuiteka Kolwezi, bei ya kobalti katika soko huru la dunia iliruka mara kadhaa, na viwanda vya zana Ulaya, Marekani na Japani vikakumbuka ghafla jina la mji ambao wasimamizi wake wengi hawakuwahi kuufikiria.

Tangsteni nayo, ingawa takriban asilimia 80 ya uzalishaji wa dunia iko China, inachimbwa Rwanda tangu enzi za ukoloni wa Wabelgiji, na Kongo ya mashariki pia. Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka kampuni zichunguze madini ya migogoro inataja tangsteni pamoja na bati, tantalamu na dhahabu. Jino linaloletwa kwetu ndani ya boksi lenye maandishi ya Kiitaliano au Kichina huenda lina ndani yake udongo wa watu wanaosema "jambo" asubuhi. Na halijabadilisha mwelekeo wa safari: madini yanatoka yakiwa mawe, yanarudi yakiwa meno, na tofauti ya bei kati ya jiwe na jino inabaki huko yalikopitia.

Sasa tuzishushe bledi mbili kutoka ukutani tuzilinganishe, tukijua tunachotafuta.

Kwanza, jino. Kwenye bledi ya bei ya juu, kipande cha kabidi ni kinene, mara nyingi milimita tatu au zaidi, na chembe za unga wake ni ndogo sana, chini ya elfu moja ya milimita. Chembe ndogo zinakubali makali membamba na zinayashika kwa muda mrefu. Kwenye ya bei ya chini kipande ni chembamba na chembe zake huwa kubwa zaidi. Unene huo haukusaidii leo. Unakusaidia siku ya kunoa, kwa sababu kila kunoa kunakula sehemu ya jino. Jino nene linaweza kurudi kwa mnoaji mara nyingi. Jembamba linarudi mara moja au mbili, na mara nyingi gharama ya kulinoa inakaribia bei ya kununua bledi mpya. Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote inapojificha. Bledi moja imetengenezwa ikitarajiwa kurudi. Nyingine imetengenezwa ikiwa imeshaagwa.

Pili, bamba. Duara la inchi 10 likizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 190 kwa saa, na meno zaidi ya 2,600 yanagonga mbao kila sekunde. Katika kasi hiyo ukingo unavutwa nje na kupashwa moto, na bamba linataka kuyumba. Mafundi wa misumeno mikubwa ya karne ya 19 walilijua hili. Walilaza bamba juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo sehemu za kati, ili likisimama liwe na ulegevu kidogo na likizunguka linyooke. Bledi ya bei ya juu imefanyiwa kazi hiyo, siku hizi kwa mashine, na imesagwa iwe bapa. Ya bei ya chini mara nyingi imekatwa kutoka bamba jembamba na kuachwa hivyo. Matokeo yake utayaona kwenye ubavu wa ubao: michirizi ambayo msasa utaifuta kwa dakika 10 zako.

Tatu, lehemu inayoshika jino. Ikiwa duni, jino linaweza kung'oka, na kitu kinachotoka kwa kilomita 190 kwa saa hakichagui jicho la kuingia.

Kwa upande mwingine, zipo kazi ambazo bei ya juu ni upotevu. Fundi anayepasua mbao za godoro la mizigo au za nyumba iliyobomolewa, zenye misumari ndani, hana sababu ya kuweka humo bledi ya thamani. Na idadi ya meno ina nguvu kuliko jina. Bledi ya bei ya chini yenye meno 24 itapasua mninga kwa urefu wa nyuzi vizuri kuliko bledi ya kifahari yenye meno 80, ambayo imekusudiwa kukata mkingamo na kukata plaiwudi bila kuichana. Tena, bledi nyingi zinazoitwa butu ni chafu tu. Utomvu umeganda juu ya meno, na kuzilowesha katika dawa ya kusafishia kunazirudishia kazi. Anayejua mambo haya matatu atapata zaidi kutoka kwenye bledi ya kawaida kuliko asiyeyajua atakavyopata kutoka kwenye orijino.

Lakini ujuzi haumalizi tatizo, kwa sababu tatizo lenyewe halikuanzia kwenye ujinga wa fundi. Seremala wa Keko anayelipwa nusu ya pesa kabla ya kazi na nusu baada ya kukabidhi meza hana fedha ya bledi ya mara tano siku anapoihitaji. Ananunua ya bei ya chini, inaisha, ananunua nyingine. Kwa hesabu ya mwaka huenda amelipa zaidi ya jirani yake mwenye mtaji. Babu yake katika ufundi, mwenye msumeno wa daraja la pili, alikuwa na njia ya kuziba pengo hilo: tupa na saa moja ya jioni. Yeye hana. Jasho lake halikubaliki tena kama malipo.

Kwa hiyo nadhani kabla ya kuuliza ipi ni orijino, tumwulize muuzaji swali jingine: ikiisha makali, nitainoa wapi? Kama jibu ni kwamba katika mji mzima hakuna mashine ya almasi inayoweza kunoa kabidi kwa pembe zake sahihi, au ipo mbali kiasi kwamba nauli na siku za kusubiri zinakula faida, basi unene wote wa lile jino umelipiwa bure. Bledi ya bei ya juu nayo inakuwa ya kutupa, ila imechelewa kutupwa. Na kama mashine hiyo ipo karibu, mlinganyo unageuka mara moja, na bledi iliyoonekana ghali inakuwa ndiyo ya bei nafuu.

Portsmouth ilikuwa na wanoaji wake ndani ya uzio uleule wa mashine. Viwanda vya Disston vilijua kwamba msumeno ukiuzwa, tupa nayo itauzwa, na vilitengeneza zote mbili. Huku kwetu tumeagiza jino bila kuagiza anayelinoa. Mtaa wenye karakana 10 zinazopasua mbao kila siku unatupa meno ya kutosha kwa mwaka kulipia sehemu kubwa ya mashine moja ya kunolea, pamoja na kijana mmoja wa kuiendesha akiwa amevaa barakoa nzuri na maji yakitiririka juu ya gurudumu. Hilo si jambo la fundi mmoja kulifanya kwa faida ya kiti kimoja. Ni jambo la chama cha maseremala, la mkopo wa kikundi, la chuo cha ufundi kilicho jirani. Kabla halijafanyika, kulinganisha bledi mbili za ukutani ni kulinganisha mwanzo wa safari mbili tu, huku barabara ya kurudi ikiwa bado haijachongwa.